UZI: Eabegi za mtumba baada ya ajali – nilichokikuta ndani ya usukani wa Corolla yangu

Mama Imani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu na bado linaninyima usingizi.

Nina Corolla NZE121 ya mwaka 2003. Mwaka jana wakati wa masika niligonga Canter kwa nyuma, barabara ya Mandela, jioni ya mvua. Foleni iliachia ghafla, ikasimama ghafla. Eabegi zote mbili, ile mifuko ya hewa ya usukani na ya dashibodi, zikatoka. Ule mlio sitausahau, ni kama mtu amefyatua bunduki ndani ya gari. Gari likajaa vumbi jeupe na harufu ya baruti, mkono wa kushoto ukachubuka toka kiganja hadi kiwiko. Zaidi ya hapo nilitoka mzima, nikasimama barabarani kwa miguu yangu.

Gari lilikuwa na bima ndogo, kwa hiyo matengenezo yote yalikuwa juu yangu. Fundi bodi alinyoosha mbele, akabadili shoo, rejeta, bampa na taa moja. Tulipofika kwenye eabegi akaniambia, "Dada, mpya utauza gari ndiyo uzinunue. Nitakutafutia za mtumba kutoka Japani, zimetolewa kwenye gari zima." Nikampa laki sita kwa ya dereva, ya abiria na kompyuta yake. Baada ya siku nne nikakabidhiwa gari. Usukani una nembo yake, dashibodi inang'aa, taa ya eabegi haiwaki. Nikarudi nyumbani nimeridhika, na kwa miezi kumi nikawa nawapeleka watoto shule na gari hilo.

Wiki tatu zilizopita honi ikagoma. Nikaenda kwa fundi umeme mwingine kabisa, kijana mtaratibu. Akachomoa hasi ya betri, akatazama saa, akaniambia tusubiri dakika mbili. Nikamuuliza kwa nini honi tu ihitaji kusubiri. Akasema, "Mama, humu ndani kuna kitu cha kulipuka. Siigusi kabla umeme uliobaki haujaisha." Akafungua skurubu za pembeni mwa usukani kwa bisibisi ya nyota, akavuta kile kifuniko cha katikati.

Kilitoka kwa mkono mmoja. Akakipima mkononi, akanitazama, akanipa nikishike. Chepesi kama mfuniko wa hotipoti. Ndani hakuna mfuko wala kile kikopo cha chuma cha baruti. Kuna sponji ya godoro iliyokatwa kwa kisu, kipande cha kitambaa cha kijani, na mstari ule unaotakiwa kupasuka umegundishwa kwa faiba kutoka ndani. Kwenye soketi ya njano kumechomekwa resista ndogo na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Honi ilikuwa haipigi kwa sababu sponji ilikuwa imebana waya wake.

Upande wa abiria tuliangalia kwa tochi kupitia kwenye droo. Patupu, na dashibodi imezibwa kwa faiba ikapakwa rangi. Kompyuta ni ile ile ya siku ya ajali. Na taa ya eabegi ilikuwa haiwaki kwa sababu imeunganishwa na taa ya oili, zote zinazima pamoja injini ikiwaka.

Nimemtafuta yule fundi wa kwanza, gereji imehama. Sitaji jina wala mtaa, hilo nalifuatilia kwa njia nyingine. Nilichokuja kuuliza ni hiki: sasa nataka eabegi za kweli. Mpya siziwezi kwa mkupuo mmoja. Je, za mtumba halisi zinafaa, au ni kujidanganya tena?

Chuma cha Reli

Pole sana dada. Nimesoma hapo kwenye sponji nikashuka ngazi kwenda kuangalia gari langu usiku huu huu. Nimefungua swichi, taa ya eabegi haikuwaka kabisa. Hata sekunde moja. Gari nililinunua kwa dalali mwaka juzi. Wajuzi, hiyo ina maana gani?

Fundi Umeme Ilala

Mama Imani pole. Chuma cha Reli, nitaanza na wewe maana jibu lako ni fupi. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya eabegi inatakiwa iwake yenyewe, ikae kama sekunde sita kwenye Toyota nyingi, halafu izime yenyewe. Ikiwa haiwaki kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, au waya umekatwa. Ikiwaka isizime, kuna hitilafu kwenye mfumo. Ikisubiri injini ndiyo izime pamoja na ya oili au ya chaji, imeunganishwa kihuni kama ya Mama Imani. Kesho mtafute fundi mwenye mashine ya kupima, asome kompyuta ya eabegi yenyewe. Wengi wanasoma ya injini tu na kukwambia gari halina tatizo.

Sasa Mama Imani. Wengi mnadhani eabegi ni mfuko peke yake. Ule mfuko ni wa mwisho kwenye mnyororo. Mbele kabisa karibu na rejeta kuna sensa za mgongano. Katikati, chini ya dashibodi karibu na gia, kuna kompyuta yenye sensa yake ndani. Kompyuta ikiridhika kwamba mgongano ni wa kweli inapeleka umeme kwenye kiwashio, baruti inaungua, gesi inajaza mfuko. Kuanzia kugonga hadi mfuko kujaa ni takriban sehemu 30 hadi 50 za elfu moja ya sekunde. Kope haijashuka. Kwa hiyo ukiniuliza kama eabegi ya mtumba inafaa, nami nitakuuliza vile vingine kwenye mnyororo vikoje.

Kompyuta iliyoshuhudia ajali inahifadhi kumbukumbu na kujifunga. Ndiyo maana kwako resista peke yake haikutosha. Kiwashio cha eabegi kina ukinzani mdogo tu, omu mbili au tatu hivi. Mhuni anaweka resista ya kiasi hicho ili kompyuta idhani mfuko upo. Ila kompyuta yako ilishajifunga, taa ikakataa kuzima, ndipo akaihamishia kwenye oili. Hapo amedanganya mara mbili. Ya kwanza ameidanganya kompyuta, ya pili wewe.

Halafu nyuma ya usukani kuna spairo kebo, utepe unaojikunja na kujikunjua ukikata kona, ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi ya dereva. Huo mara nyingi unaungua au kukatika kwenye ajali. Na mikanda ya mbele, kama ina kivutio cha baruti, kile kinachoukaza mkanda ukigonga, nayo ililipuka siku ile ile. Jaribu sasa hivi: vuta mkanda wa dereva hadi mwisho, uachie. Unarudi kwa wepesi?

Mama Imani

Unarudi nusu, unakwama. Nilidhani ni uzee.

Fundi Umeme Ilala

Siyo uzee. Hiyo ndiyo ya kwanza kubadili, kabla hujafikiria eabegi. Kesho, usingoje mshahara. Mkanda ndio unaokushikilia, eabegi inapokea kichwa na kifua ambavyo tayari vimepunguzwa kasi na mkanda. Bila mkanda unaufuata mfuko wakati wenyewe unakujia kwa kasi ya kilomita mia mbili na kitu kwa saa.

Kijana wa Gerezani

Mimi ni muuza spea hapa mtaa wa Gerezani, Dar, nimeona nitetee mtumba kidogo, kwa haki. Siyo kila eabegi ya mtumba ni sponji. Yapo magari yanakatwa Japani, kipande cha mbele kinakuja kizima na usukani wake, dashibodi yake, mikanda na kompyuta. Eabegi ambayo haijawahi kutoka, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma au lililokufa injini, ni ile ile iliyofungwa kiwandani. Marekani wavunja magari wanaziuza wazi wazi.

Ila mteja wetu anakosea sehemu moja. Anakuja anauliza, "Eabegi ya Corolla ipo?" Nikimuuliza namba hana. Corolla ziko nyingi. Geuza kifuniko, nyuma kuna stika yenye namba. Toyota eabegi ya dereva inaanza na 45130, kompyuta 89170, spairo kebo 84306. Tarakimu zinazofuata lazima zilingane na za gari lako. Hesabu na soketi pia. Nyingine zina soketi moja, nyingine mbili kwa sababu zinalipuka kwa hatua mbili kulingana na uzito wa mgongano. Fundi akikuambia atachomeka moja na nyingine ataiacha, mnyang'anye kazi.

Na mimi nikikuuzia, omba nikuonyeshe lile gari au kile kipande ilikotoka. Nikikwepa, ondoka dukani kwangu.

Mzee wa Kigamboni

Nisemee wenye mfuko mdogo. Gari lako Mama Imani leo ukiliuza halifiki milioni tisa. Ukijumlisha eabegi mbili mpya, kompyuta, mikanda miwili na dashibodi, unakaribia thamani ya gari. Huyo aliyesema mpya utauza gari hakuongopa hapo. Daladala tunazopanda kila siku hazina hata mkanda. Pikipiki ndiyo usiseme. Kwa nini tumlaumu mtu anayeendesha bila eabegi?

Mama Imani

Mzee wangu shikamoo. Simlaumu anayeendesha bila. Baba yangu aliendesha Land Rover miaka 20 haikuwa na kitu kama hicho, na alijua haina. Aliendesha akijua. Mimi nimeendesha miezi kumi na watoto ndani nikiamini ninacho. Kuna siku nilimkaripia dereva wa bodaboda aliyetukata mbele, nikamwambia mwanangu, "Usiogope, gari letu lina eabegi." Nililitamka kwa mdomo wangu.

Mpwani wa Kisauni

Hamjambo kutoka Mombasa. Dada pole kwa yaliyokupata. Nataka kuongeza jambo ambalo kwetu sisi wa pwani ni zito zaidi, na kwenu Dar vile vile: Takata.

Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengenezea eabegi watengenezaji magari wengi, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Baruti yake ilikuwa ya amonia naitreti. Hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, joto la mchana likipanda na la usiku likishuka, inabadilika, inameguka ndani kwa ndani. Siku ya kulipuka inaungua kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, kile kikopo cha chuma kinapasuka, vipande vinapenya kwenye mfuko na kumwingia mtu shingoni na usoni. Kuna watu walikufa kwenye migongano midogo ambayo wangetoka na michubuko tu. Marekani peke yake vikopo takriban milioni 67 ilibidi viitwe, yaani magari yarudishwe vibadilishwe, hakuna wito mkubwa zaidi katika historia ya magari. Kampuni ikafilisika 2017.

Sasa fikiria. Joto na unyevu wa mwaka mzima, hiyo ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga, Dar, Zanzibar. Magari yaliyohusika ni ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Corolla, Vitz, RAV4, Fit, X-Trail. Ndiyo haya haya tunayoendesha. Ukinunua eabegi ya mtumba ya Corolla ya 2003, kikopo kina zaidi ya miaka 20. Hata kama hakijawahi kulipuka, hata kama namba zinalingana na kila kitu ni halisi, unaweza kuwa umefunga hatari iliyo mbaya kuliko ile sponji. Sponji haitakurushia chuma.

Mbeba Boksi Nagoya

Mpwani amesema kweli tupu. Niko Japani, nafanya kazi kwenye yadi ya kusafirisha magari, nianze hapo alipoishia.

Ile tovuti ya Marekani ambayo watu hutuma, ya kuweka namba na kuona kama gari limeitwa, haitakusaidia kwa gari la Japani. Ile inataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani lina namba ya chesisi fupi, mfano NZE121 halafu kistari na tarakimu nyingine. Ingia tovuti ya Toyota ya Japani, kuna sehemu ya kuweka namba ya chesisi na inakuonyesha kama gari limeitwa na kama limetengenezwa. Ni Kijapani kitupu, lakini simu inatafsiri. Nissan, Honda na wengine nao wanayo.

Jambo lingine. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani ilizuia kupewa shaken, yaani ukaguzi wa lazima wa barabarani, magari yenye zile eabegi za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Kwa hiyo gari lililokuwa barabarani Japani baada ya hapo lina nafasi nzuri ya kuwa limebadilishiwa. Lililosafirishwa kuja huko kabla ya hapo, au lililokatwa vipande moja kwa moja kutoka kwenye mnada, huenda halikuguswa. Ndiyo maana eabegi bila namba ya chesisi ya gari ilikotoka mimi nisingeifunga. Namba iliyo kwenye stika inakwambia inaingia kwenye gari lako, ila ya chesisi ndiyo itakayokujulisha kama iliitwa.

Na kwa wanaoagiza gari zima: omba karatasi ya mnada. Daraja likiwa R au RA, gari liligongwa na kutengenezwa. Siyo lazima liwe baya, ila uliza lilitengenezwaje.

Chuma cha Reli

Swali la mtu asiyejua: mtandaoni nimeona eabegi mpya kabisa, zipo kwenye boksi, bei chini ya mtumba wa Gerezani. Kwa nini Mama Imani asiagize hizo?

Fundi Umeme Ilala

Usithubutu. Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hizo hizo, vikopo vya bei rahisi visivyo vya kiwanda vilivyofungwa kwenye magari yaliyowahi kupata ajali. Walisema watu watatu walikuwa wamekufa na wawili kujeruhiwa vibaya mno katika muda wa miezi tisa, kwenye migongano ambayo wangepona. Vililipuka kama Takata. Na hata zikiwa nzuri, eabegi inahesabika kama mzigo wa hatari kusafirisha. Ikija kwenye bahasha ya kawaida imefungwa kwa karatasi, aliyeituma ameficha kilichomo.

Nesi wa Zamu

Nasoma nikiwa kazini. Nawaomba mafundi mnaoziba dashibodi kwa faiba juu ya eabegi halisi ya abiria, acheni. Faiba ile haipasuki kwa mstari, inavunjika mapande. Na wazazi, mtoto mchanga kwenye kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Watoto nyuma, mikanda imefungwa. Mama Imani, nashukuru kwa kuleta hili.

Mzee wa Kigamboni

Marahaba Mama Imani. Nimesoma tena jibu lako. Nakubali hapo pa kujua na kutojua. Vijana wangu wote wawili nimewatumia uzi huu.

Mama Imani

Wakuu, narudi na mrejesho, ni wiki mbili na nusu tangu nianzishe uzi.

Mikanda yote miwili ya mbele nimebadili. Nilianza na hiyo kama fundi alivyosema. Ya zamani tulipoifungua, kivutio cha dereva kilikuwa kimeungua cheusi.

Kijana wa Gerezani nilimfuata dukani, nikamkuta kama alivyo humu. Hakuwa na ya kwangu, akanielekeza kwa mwenzake aliyekuwa na kipande cha mbele cha NZE121 kizima, kikiwa bado kimefungwa kamba za melini. Nikapiga picha namba ya chesisi kabla sijauliza bei. Nikamtumia Mbeba Boksi, akanijibu baada ya saa moja: gari hilo liliitwa kwa eabegi ya abiria, na halikutengenezwa. Ya dereva haimo kwenye wito.

Muuzaji hakufurahi, lakini alipoona ile kurasa alinyamaza, halafu akatoa ile ya abiria mwenyewe, akaiweka kando uso ukitazama juu, akaandika kwa maka pen ISIUZWE. Nilimheshimu kwa hilo. Nimechukua ya dereva, spairo kebo, kompyuta na sensa za mbele, vyote vya gari moja, namba zimelingana hadi tarakimu ya mwisho. Fundi alichomoa betri, akasubiri, akafunga, akasoma kwa mashine. Hitilafu iliyobaki ni moja, upande wa abiria.

Hiyo ya abiria nimeamua iwe mpya. Nimepata bei, ni kubwa, nitailipia kidogo kidogo, nadhani hadi mwezi wa tatu. Fundi aliniuliza kama aweke resista kwa muda ili taa isinisumbue. Aliuliza kwa wema tu, akijua jibu. Nikamwambia hapana. Amenionya pia kwamba taa ikiwa inawaka nisihesabu hata ya dereva kwamba itatoka, kwa hiyo naendesha kama mtu asiye nayo. Watoto wanakaa nyuma. Kiti cha mbele naweka mkoba.

Asubuhi ya leo Imani aliiona ile taa nyekundu akaniuliza mbona haizimi. Nikamwambia ukweli wote, toka sponji hadi mwezi wa tatu. Akafunga mkanda wake, akavuta mara mbili kuangalia kama unashika, kisha akamgeukia mdogo wake akauvuta na wake.